Mali ya watu, muhuri wa mfalme

Tarehe 5 Februari 1138, enzi za Vita vya Msalaba, mfalme Fulk na mkewe malkia Melisende wa Yerusalemu walibadilishana ardhi na kanisa. Malkia alikuwa anaitaka Bethania, kile kijiji cha Lazaro, ajenge hapo nyumba ya masista, ambayo baadae mdogo wake Iveta akaja kuwa mama mkuu wake. Bethania ilikuwa mikononi mwa wakanoni, yaani mapadri, wa kanisa la Kaburi Takatifu, sasa ili waachie wakapewa Tekoa, kijiji cha huko kusini ya Bethlehemu. Na kwenye hati wakaongezewa kautamu kadogo: watu wa Tekoa wana haki ya kwenda pembeni mwa Bahari ya Chumvi kuokota lami na chumvi. Mashahidi, muhuri, biashara imeisha.

Mimi hapo kwenye lami na chumvi ndo niliponasa, maana ukisoma hiyo sentensi vizuri unaona kwamba kuna watu kule Tekoa, walikuwepo siku zote, wanajua njia ya kushuka mpaka baharini, wanajua lami inaelea msimu gani na nani anainunua, na hakuna hata mmoja wao aliyekaa kwenye kile kikao. Wamebadilishiwa mwenye mali, kutoka kwa mfalme kwenda kwa mapadri, wakiwa wamelala majumbani kwao. Halafu Tekoa yenyewe ndo kijiji cha nabii Amosi, yule aliyewalaani wanaouza maskini kwa jozi ya viatu. Sijui kama yule karani aliyeandika hati alilikumbuka hilo, ila wakanoni lazima walikuwa wanamsoma Amosi kanisani.

Niseme kwanza kwa nini najisumbua na haya mambo. Kazi yangu ni kuandaa karatasi kwenye ofisi ya wakili: mauziano ya viwanja, wosia, mikataba ya pango, hati za kiapo, na ukikaa na karatasi za namna hiyo muda mrefu unapata kaugonjwa, kila hati ikija mezani swali la kwanza ni moja tu, huyu anayetoa, anatoa cha kwake? Mengine yote, bei, mipaka, majina ya majirani, yanakuja baadae. Sasa nilipoanza kusoma habari za Vita vya Msalaba nilitegemea mapanga na farasi, na vipo, ila kilichonishika ni makaratasi (kwa kweli ni ngozi, lakini tuite makaratasi), kwa sababu kwa karibu miaka 200 hawa Wafranki (ndo jina la hao Wakristo wa Ulaya) waliishi pale pwani ya Shamu na Palestina wakiandikiana hati kama vichaa, na karibu kila ninayoisoma lile swali langu linapata jibu lilelile.

Kwa asiyefuatilia: Julai 1099 jeshi la Wakristo wa Ulaya liliiteka Yerusalemu na kuua watu wengi sana ndani ya mji, Waislamu na Wayahudi. Likawepo dola la kifalme la Yerusalemu, pamoja na majirani zake Antiokia, Edessa na Tripoli (ya Lebanon hii, sio ya Libya). Mji wa Yerusalemu Salahuddin aliuchukua Oktoba 1187, na mabaki ya pwani yakaisha Akka ilipoanguka Mei 1291. Kati ya hiyo miaka mtu anayeitwa mfalme, na mabwana chini yake, na maaskofu, na watawa, na wafanyabiashara wa Italia, wote walikuwa wanagawana, wanauziana na wanathibitishiana nchi.

Hati ya kawaida inaanza kwa jina la Utatu Mtakatifu. Inafuata mtoaji na cheo chake. Inafuata sababu, na sababu kwa hati za kanisa ni ileile, kwa ajili ya wokovu wa roho yangu na roho za wazazi wangu. Kisha kinachotolewa: kijiji fulani pamoja na mashamba yake, maji yake, vinu vyake na watu wake. Hapo kwenye "na watu wake" hakuna anayeshtuka, imepita tu kati ya vinu na malisho. Wakati mwingine mwanakijiji anatajwa kwa jina, yeye na watoto wake, maana ndo yeye zawadi yenyewe. Halafu mashahidi wanapangwa kwa vyeo, watu wa kanisa mbele, wakubwa wa mfalme, halafu raia wa kawaida wa Kifranki mwishoni, na mwisho kabisa muhuri.

Ule muhuri wa mfalme nao ni kituko. Ni kidonge cha madini ya risasi, upande mmoja mfalme kakaa kwenye kiti cha enzi, upande wa pili kuna majengo matatu ya Yerusalemu: Mnara wa Daudi, kanisa la Kaburi Takatifu, na la tatu ni Kuba ya Mwamba. Ndiyo, ileile aliyoijenga khalifa Abdul Malik mwishoni mwa karne ya 7, Wafranki waliigeuza kanisa wakaiita Hekalu la Bwana. Kwa hiyo hata alama ya kuthibitisha kwamba "hiki ni changu nakupa wewe" imechorwa nyumba ya watu wengine. Ningekuwa natunga hadithi nikaweka hiyo, mngesema nimezidisha.

Tuje kwa Waveneti sasa, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ile hati ni mkataba hasa, wa watu wanaojua biashara. Mwaka 1123 mfalme Baldwin wa Pili alikuwa mateka, amekamatwa mwezi wa nne, na dola halina meli za kutosha za kuiteka Tiro. Likatokea jeshi la majini la Venice likiongozwa na mtawala wao mwenyewe, Domenico Michiel. Mfalme hayupo, nani asaini? Akasaini patriaki Warmund, yaani askofu mkuu wa Yerusalemu, pale Akka, pamoja na wakubwa waliokuwepo.

Waveneti wakapewa nini? Kila mji wa mfalme na wa mabwana wake: mtaa mzima, kanisa, bafu la umma na tanuri la mikate. Ushuru hawalipi. Kesi zao wanaamua wenyewe. Kila mwaka kwenye sikukuu ya Mt. Petro na Paulo wanalipwa bezanti 300 (sarafu za dhahabu) kutoka mapato ya soko la Tiro. Na theluthi ya mji wa Tiro, na theluthi ya Ashkeloni. Sasa angalia kalenda: hati ni ya mwaka 1123. Tiro ilitekwa Julai 1124. Ashkeloni ilitekwa 1153! Patriaki, ambaye sio mfalme, amegawa theluthi ya miji miwili ambayo haipo mikononi mwa mfalme ambaye mwenyewe yuko kifungoni. Mteja wangu angeniletea hiyo ningemwambia mzee, karatasi hii kafungie maandazi.

Ila ilifanya kazi, ndo ajabu yake. Tiro ikatekwa kweli, theluthi yao wakaichukua, na Baldwin alipotoka kifungoni akaithibitisha mwaka 1125, akaongeza tu sharti kwamba Waveneti nao wachangie ulinzi. Nadhani hakuwa na namna.

Kipengele ninachokipenda mimi ni cha mizani. Hati inasema Mveneti akiuziana na Mveneti mwenzie watumie vipimo vya Venice. Mveneti akimuuzia mtu mwingine, vipimo vya Venice vilevile. Lakini Mveneti akinunua kutoka kwa mtu mwingine, hapo atatumia vipimo vya mfalme. Yeyote aliyewahi kununua mahindi kwa debe la mtu mwingine anajua ugomvi wote wa sokoni uko pale, debe la nani. Na pale Akka wakapewa ruhusa ya kuwa na tanuri, kinu, bafu, mizani na vyombo vya kupimia mvinyo, mafuta na asali, na yeyote anayekaa mtaani kwao akitaka aoke, asage na aoge huko. Ukifikiria hapo zamani tanuri na bafu zilikuwa mapato ya mwenye mji, kila anayeoka analipa, utaona ni pesa za nani zimehamishwa.

Watu wa Genoa wao walienda mbali zaidi. Walisaidia kuiteka Akka mwaka 1104 na mfalme Baldwin wa Kwanza akawapa upendeleo wao, na baadae wakadai kwamba maneno ya upendeleo huo yaliandikwa kwa herufi za dhahabu ndani ya kanisa la Kaburi Takatifu, watu wote wayaone. Halafu wakalalamika kwamba mfalme Amalric kayafuta. Wakamlilia Papa Aleksanda wa Tatu, akaandika barua maandishi yarudishwe, na mwaka 1186 Papa Urbano wa Tatu naye akaandika, na hayakurudi. Wanahistoria wa zama hizi wakaja kugombana wenyewe kwa wenyewe, kuna waliosema yale maandishi hayajawahi kuwepo na hata hati ya 1104 yenyewe imechezewa, kuna waliosema la, yalikuwepo. Mimi siingilii. Ila mtu anayepeleka mahakamani madai ya maandishi yaliyofutwa ukutani, nimeshawaona wa aina hiyo.

Na kughushi kulikuwepo kweli, tena kwa watu wa Mungu. Watawa wa abasia ya Mt. Maria ya Bonde la Yehoshafati, chini ya Mlima wa Mizeituni, kwenye makabrasha yao zimekutwa hati zilizotengenezwa nyumbani. Mtu akiwa na kijiji bila karatasi, anajitengenezea karatasi. Hilo halijaisha duniani.

Kutoa usichonacho kulikuwa kama mchezo wao. Mwaka 1142 Raymond wa Pili wa Tripoli aliwapa Ndugu wa Hospitali ya Mt. Yohane, watawa wenye askari, ngome ile kubwa ambayo sasa inaitwa Crac des Chevaliers, Waarabu wanaiita Husn al-Akrad, watalii wanaifahamu mpaka leo. Kwenye orodha hiyohiyo akaweka na Rafaniya na Montferrand. Hizo mbili zilikuwa zimeshachukuliwa na Zengi, mtawala Mwislamu wa Mosul na Halab, miaka kadhaa nyuma! Yaani zawadi nusu yake ni "mkaitafute wenyewe". Na tukiwa wakweli ni akili pia, maana unampa mtu mwenye askari sababu ya kupigana na adui yako, na wewe hujatoa hata senti.

Kilele ni Oktoba 1168. Mfalme Amalric anajiandaa kuivamia Misri, nchi ambayo mwaka mmoja tu kabla alikuwa na mapatano nayo na inamlipa. Mkuu wa Hospitali, Gilbert d'Assailly, akakubali kuleta askari kwa sharti la hati, na hati ikatoka: tukiishinda Misri, Hospitali itapata mji wa Bilbeis na nchi yake, wenye mapato ya bezanti 100,000 kwa mwaka, pamoja na mapato mengine kwenye miji mingine ya Misri iliyoorodheshwa kwa majina kana kwamba ni viwanja vimeshapimwa. Watempla, lile shirika lingine la watawa-askari, walikataa kwenda. Novemba wakaiteka Bilbeis na kuwachinja watu wake, na habari hiyo ikawafanya Wamisri waseme bora tufe kuliko kufunguliana milango na hawa, wakamwita jemadari Shirkuh kutoka Damasko, Amalric akarudi nyumbani Januari 1169 mikono mitupu, na miezi michache baadae mpwa wa Shirkuh akawa waziri wa Misri. Huyo mpwa ndo Salahuddin. Gilbert akaachia ukuu akiwa ameiachia Hospitali madeni ya bezanti 100,000. Sijapata kuona hati iliyomgharimu mtoaji namna hiyo.

Upande wa kanisa watu hudhani maamuzi yalihusu imani. Mengi yalihusu nani anapata fungu la kumi. Januari 1120 uliitishwa mtaguso, yaani mkutano wa kanisa, mjini Nablus, mwaka uliofuata ile kipigo cha Antiokia ambapo jeshi zima lilifutwa mahali Wafranki walipopaita Uwanja wa Damu, na kabla ya hapo kulikuwa na nzige na panya mashambani, kwa hiyo watu waliona Mungu amekasirika. Ukatoa kanuni 25. Za kwanza kabisa, kabla ya dhambi yoyote ya mwili, mfalme na mabwana wanarudisha zaka ambazo walikuwa wanakula wao na kuomba msamaha. Ndipo zikaja za uzinzi, za mke mmoja na waume wawili, za wizi, na zile kali za kutisha za Mkristo kulala na mwanamke Mwislamu, adhabu yake kuhasiwa kwa mwanaume na kukatwa pua kwa mwanamke. Kuna moja inakataza Waislamu kuvaa mavazi ya Kifranki. Hiyo peke yake inakwambia kwamba walikuwa wanayavaa, kwa sababu hakuna anayekataza kitu ambacho hakifanyiki.

Fungu la kumi hilohilo ndo lililozaa ugomvi ninaoupenda kuliko yote. Hospitali ya Mt. Yohane ilianza kama nyumba ya kuhudumia wagonjwa na mahujaji, mlango kwa mlango na kanisa la Kaburi Takatifu. (Wale St John Ambulance mnaowaona uwanjani na msalaba wa pembe nane, asili ya jina na alama yao ni huko.) Februari 15, 1113 Papa Paskali wa Pili alimpa msimamizi wao Gerard waraka wa kuiweka Hospitali chini ya ulinzi wa Roma, na ndugu wachague wenyewe kiongozi wao. Mwaka 1154 Papa Anastasi wa Nne akawaongezea: wawe na mapadri wao wenyewe, na askofu wa mahali hana mamlaka juu yao. Zaka kwenye mashamba yao hawalipi. Na mashamba yao yalikuwa yanaongezeka kila mwaka, kwa sababu kila bwana akikaribia kufa anawaandikia kijiji.

Sasa patriaki Fulcher yuko pale, askofu mkuu wa mji mtakatifu, na mbele ya mlango wake kuna taasisi inayokua, inajenga majumba marefu na ya kifahari kuliko kanisa lenyewe la Kaburi, na kila kijiji kinachoingia kwao kinatoka kwenye mapato yake. Mtu akitengwa na kanisa lake, Ndugu wanampokea na kumzika. Askofu mkuu William wa Tiro, mwandishi mkubwa wa historia ya dola lile, anaeleza kwamba patriaki alipokuwa anasimama kuhubiri watu mahali pa mateso ya Bwana, Ndugu walikuwa wanapiga kengele zao zote, nyingi, kwa muda mrefu, kwa nguvu, mpaka mzee anakaukiwa sauti na watu hawasikii kitu. Akiwalalamikia raia, wao wanajibu tutafanya zaidi. Na wakafanya: siku moja waliingia kanisani na silaha wakarusha mishale. Mishale ikaokotwa, ikafungwa mafungu, ikatundikwa mbele ya Kalvari. William anasema aliiona yeye mwenyewe.

Mzee Fulcher, ambaye William anadai alikuwa karibu na miaka 100, akapanda meli mwaka 1155 pamoja na maaskofu wake kwenda Italia kwa Papa Adriano wa Nne. Wakazungushwa. Kesi inatajwa, inaahirishwa, Papa yuko mji mwingine, wanamfuata, wanaahirishiwa tena. Tunaijua hiyo. Mwisho wakarudi bila kitu, na William kwa hasira anaandika kwamba makadinali karibu wote walikula zawadi za Ndugu wakamfuata Balaamu, yule wa kwenye Biblia aliyependa malipo. Nachukua maneno yake kwa tahadhari, yeye mwenyewe alikuwa askofu na zaka zake zilikuwa zinaumia vilevile. Papa naye alikuwa na hoja kwamba ule upendeleo umetolewa na mtangulizi wake kwa waraka halali. Ila angalia tena lile swali langu, upendeleo wa kutolipa zaka, Papa alitoa kutoka mfuko wa nani? Wa Fulcher. Miaka mingi baadae, kwenye mtaguso mkuu wa Roma wa 1179, William akiwemo ukumbini, ikapitishwa kanuni ya kuwabana Watempla na Ndugu wa Hospitali wasivuke mipaka ya maaskofu. Iliwabana kidogo sana.

Uamuzi mmoja wa kanisa nitautaja kwa kifupi, japo ndo mzito kuliko kengele. Kwa desturi ya ile nchi mtumwa Mwislamu akibatizwa anakuwa huru. Kwa hiyo unadhani mabwana wa Kikristo walifurahia watumwa wao kuomba ubatizo? Waliwakatalia. Jacques de Vitry, aliyekuwa askofu wa Akka kuanzia 1216, alilalamika waziwazi kwamba mabwana wanawazuia kwa sababu hawataki kupoteza nguvukazi, na Watempla na Hospitali walikuwemo humohumo. Suala likafika Roma, na mwaka 1237 Papa Gregori wa Tisa akaamua: wabatizwe, mradi waape kubaki watumwa kama walivyokuwa. Mbingu akawapa, uhuru hakuwapa, na mabwana wakabaki na watu wao. Kisheria ni ufumbuzi mzuri sana, kila mwenye muhuri ameridhika. Mimi nikiisoma hiyo huwa nafunga faili naenda kunywa chai.

Halafu fikiria ni karatasi zipi zimetufikia. Philip wa Novara na wanasheria wenzake wa karne ya 13 walieleza kwamba sheria za dola zilikuwa zimeandikwa vizuri, herufi ya kwanza ya dhahabu, zikafungiwa kwenye sanduku kanisani Kaburi Takatifu, na sanduku halifunguliwi mpaka wawepo watu tisa, mfalme au mwakilishi wake, patriaki au mkuu wa wakanoni, na wengine. Eti vyote vikapotea Yerusalemu ilipoanguka 1187. Kuna wanaotilia shaka, maana ni rahisi mwanasheria kusema sheria inaniunga mkono ila sanduku limepotea. Nyumba za wakubwa wa kawaida, makabrasha yao karibu yote yalikwenda na maji. Waliobakiwa na karatasi ni wenye pa kukimbilia ng'ambo. Ndugu wa Hospitali walihama nazo kutoka Akka hadi Kupro, Kupro hadi Rhodes, na mwaka 1530 wakafika Malta, na waraka wa 1113 mpaka leo uko maktaba ya taifa pale Valletta. Watawa wa Yehoshafati walikuwa na nyumba Sicilia. Waveneti walikuwa na kwao. Watempla waliofutwa 1312, makabrasha yao makuu ya mashariki yametoweka. Kwa hiyo historia ya ardhi ya ile nchi tunaisoma kwa macho ya wapokeaji, na wapokeaji wengi ni walewale.

Lakini karatasi zina tabia ya kusema zaidi ya alichotumwa mwandishi. Mwaka 1243 ofisa wa Venice, Marsilio Zorzi, alifanya ukaguzi wa mali zao kuzunguka Tiro, akaandika kijiji kwa kijiji, wakulima kwa majina, majina ya Kiarabu. Kila kaya kwa eneo inalolima inaleta sikukuu za Wafranki kuku mmoja, mayai kumi, jibini mbichi nusu ratili na senti za kuni. Zorzi alikuwa anahesabu mapato tu, lakini mimi naona mtu anaamka asubuhi kuhesabu mayai ya Krismasi ya mtu mwingine, moja likipasuka njiani inabidi arudi.

Na msafiri Ibn Jubayr, mtu wa Andalusia, alipita huko mwaka 1184, akaona kwenye forodha ya Akka makarani Wakristo wamekaa na vidau vya wino vya mpingo vilivyopambwa dhahabu, wanaandika na kuzungumza Kiarabu. Njiani kutoka Tibnin alikuta vijiji vya Waislamu wanaolipa nusu ya mavuno na dinari moja na kirati tano kwa kichwa, wameachiwa nyumba zao na mali zao, na inamuuma kusema kwamba wengine wao wanaona afadhali hivyo kuliko mabwana Waislamu wa ng'ambo ya mpaka. Hilo naliweka makusudi kwa sababu ni rahisi kuandika habari hizi kama za mashetani na malaika.

Haikuwa hivyo kila mahali. Kijiji cha Jammail, kusini-magharibi ya Nablus, kilikuwa chini ya bwana mmoja wa ukoo wa Ibelin, Baldwin. Wakati wengine wanatoza dinari moja kwa kichwa yeye alitoza nne, na alikuwa anakata watu miguu. Imamu wa pale, Ahmad bin Muhammad bin Qudama, alikuwa anahutubia siku ya Ijumaa na watu wa vijiji vya jirani wanakuja kumsikiliza, Baldwin akaambiwa kwamba huyu anawatoa watu kazini, akapanga kumuua. Kuna mtu ndani ya utawala akampelekea taarifa. Karibu na mwaka 1156 imamu akatorokea Damasko, akawatumia jamaa zake ujumbe wamfuate, wakatoka kwa mafungu usiku, wakiiacha ardhi, wakaenda kujenga mtaa wao kwenye mteremko wa mlima Qasiyun, ndo Salihiya ya leo. Haya tunayajua kwa sababu mjukuu katika ukoo huo, Diyauddin, aliyafuatilia kwa wazee waliohama akayaandika.

Yaani hao ndo "na watu wake". Mmoja wa watoto waliobebwa katika kuhama kule, ana miaka kama tisa hivi, alizaliwa Jammail 1147, alikuwa ni mtoto wa huyo imamu. Anaitwa Muwaffaquddin Ibn Qudama, na yeyote hapa kwetu aliyesoma fiqhi ya Kihanbali hata kidogo anamjua, kwa sababu bado tunasomeshwa vitabu vyake.